Lugha Niliyoisoma Bila Kuielewa

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuja na zoezi la shule: taja lugha tano za kigeni zinazosomwa na watu wengi zaidi duniani. Alikuwa ameshaandika Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na Kichina. Nikamwambia kwa hesabu za shuleni hajakosea, na kwamba Kiingereza kinaziacha nyingine zote mbali. Kisha nikamuuliza, "Na Jumamosi asubuhi unakwenda wapi?" Akajibu, "Madrasa, bibi." "Huko unasoma lugha gani?" Akafikiri kidogo. "Nasoma Kurani."

Jibu lake halijanitoka moyoni. Mtoto huyu alianza kutamka Kiarabu akiwa na miaka minne, kabla hajajua neno la Kiingereza, na bado hakioni kuwa ni lugha anayosoma. Wanaohesabu nao hawamhesabu. Wao huangalia madarasa, vyuo na mitihani. Waislamu ulimwenguni wanakaribia bilioni mbili, na Waarabu hawafiki robo yao. Waliobaki, kuanzia Indonesia na Pakistan hadi Nigeria na huku kwetu, wengi wao walikalishwa mkekani utotoni wakafundishwa herufi zisizo za lugha ya mama zao. Kama kule ni kusoma lugha, orodha ya mjukuu wangu ina pengo kubwa. Kama si kusoma lugha, basi tuambizane ni kitu gani.

Nalisema hili kwa sababu nimekaa pande zote mbili. Nilisoma chuo cha Kurani Ngamiani, hapa Tanga, kisha nikafundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31.

Chuoni, mwalimu wetu, tuliyemwita Bi Mwalimu, alisomesha ukumbini kwake, mlango ukiwa wazi ili tupate mwanga. Tulianza na alifu, tukaja kwenye irabu, fataha, kisra na dhuma, na kila herufi ilikuwa na mahadhi yake tuliyoyaimba mpaka mtaa mzima ukayajua. Herufi iliyonitesa ni dhwadi. Siku moja alinishika kidevu kwa vidole vyake vyenye hina, akafungua kinywa chake mwenyewe mbele ya uso wangu ili nione ubavu wa ulimi unagusa wapi. Alirudia mara nyingi, bila kuchoka, mpaka ikatoka. Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka 11. Nyumbani ukapikwa wali wa nazi na kuku, majirani wakaja, mama akalia kwa furaha. Sikujua maana ya aya hata moja niliyoisoma. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikumuuliza mtu.

Kwenye Kiingereza mambo yalikuwa kinyume. Huko maana ndiyo ilikuwa kila kitu, na faida ilitajwa waziwazi: mtihani, kazi, mshahara. Katika shule moja niliyofundisha, mwanafunzi aliyenaswa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akashinda nacho mpaka amnase mwenzake. Niliona kibao kile kikipita shingo hadi shingo kwa miaka miwili, na sikufungua mdomo kukipinga. Ninajuta hadi leo. Watoto wale walichokifahamu upesi kuliko sarufi yoyote ni kuionea haya lugha waliyonyonya nayo.

Bi Mwalimu hakutufanyia hivyo kamwe. Alitufokea kwa Kiswahili, akatutania kwa Kiswahili, na visa vya Mitume alitusimulia kwa Kiswahili kitamu ambacho sijakisikia tena. Kiarabu alikiweka mahali pake, kwenye kumwelekea Mungu. Ndiyo maana siwezi kuwa pamoja na wale wanaosema chuo kilitufanya kasuku.

Swali la kumwelekea Mungu kwa lugha usiyoielewa ni la zamani. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliona inajuzu kusoma Kurani kwa Kiajemi ndani ya sala, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakaifungia ruhusa hiyo kwa asiyekiweza Kiarabu tu. Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani tunamfuata, hakukubali. Katika Risala yake alieleza kwamba ni juu ya kila Mwislamu kujifunza Kiarabu kadiri ya juhudi yake, na akizidisha ni heri kwake. Mimi naona tumemfuata Imamu katika lile alilolikataa, tukamwacha katika lile alilolihimiza. Yeye alisema tujifunze lugha. Sisi tulifika kwenye sauti yake, tukapika wali wa hitima, tukaona tumemaliza.

Wakristo nao walipita njia hii. Mtaguso wa pili wa Vatikani, mwaka 1963, ulifungua mlango wa misa kusomwa kwa lugha za watu wenyewe badala ya Kilatini peke yake. Mwalimu mwenzangu Mkatoliki, aliyenizidi umri, alinisimulia kwamba nyumbani kwao baba yake alishangilia na mama yake alihuzunika. Mama alisema sasa kanisani panasikika kama sokoni. Mwenzangu alimwelewa baba, lakini alimhurumia mama zaidi. Nami namhurumia. Maneno ambayo hujawahi kupatania bei ya samaki kwayo yana heshima yake, na heshima hiyo si ya kuchezewa.

Kilichonigeuza mimi ni ugonjwa wa mama. Mwaka 2001 alilala kitandani, na kila usiku baada ya Isha nilimsomea Yasini. Usiku mmoja akanishika mkono katikati ya kisomo. "Hapo umesoma nini, mwanangu?"

Mimi, mwalimu wa lugha, niliyelipwa mshahara kuwaeleza watoto wa watu maana ya maneno ya kigeni, sikuwa na la kumwambia mama yangu. Nilisema ni maneno ya Mungu. Akatikisa kichwa, akaniachia mkono.

Asubuhi nilikwenda kuazima tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ile iliyotoka mwaka 1969. Nikatafuta pale aliponikatiza. Ilikuwa aya ya 58, fupi sana, maneno matano tu. Ndani yake mna salamu, mna kauli, na Mola anatajwa kwa sifa inayotokana na rehema. Nilimweleza mama polepole: watu wa peponi watapewa salamu, nayo ni kauli itokayo kwa Mola mwenye rehema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe maneno yetu." Alituacha siku sita baadaye.

Maneno yetu. Nilikuwa nimeisoma aya ile tangu nikiwa mtoto, na salamu, kauli na rehema nilizitamka kila siku sokoni na nyumbani, lakini hazikuwahi kukutana kichwani mwangu. Baada ya arubaini niliingia darsa ya nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, mwanamke wa makamo kati ya vijana. Ustadhi alituonesha jinsi herufi tatu, ra, ha na mim, zinavyozaa neno la rehema, majina ya Rahmani na Rahimu, na pia neno la Kiarabu la tumbo la uzazi la mama. Nilitoka nje nikakaa barazani nikalia. Pwani hii kila mtaa una Rehema wake, na hatujui tumemwita nani.

Sijutii miaka ya mkekani. Maana ilipokuja ilinikuta nimeshaihifadhi aya, ulimi unaijua, na herufi zake ziko sawasawa kwa jasho la Bi Mwalimu. Ninachokijutia ni kwamba ilichelewa zaidi ya miaka 30, na mama akaipata kwa siku sita.

Walimu wa madrasa, nawaomba jambo moja, na hamhitaji kitabu kipya wala ruhusa ya mtu. Mtoto anapomaliza kuhifadhi Alhamdu, msimpandishe sura inayofuata mara moja. Mkalisheni mumweleze kwa Kiswahili ametamka nini, aya moja kwa siku. Aya ni saba. Wiki moja inatosha.