Barua na Mbiu

Wengi hudhani ya kuwa neno likiisha kuandikwa, basi ni la kila ajuaye kusoma. Nami nilidhani vivyo hivyo, hata siku nilipokosa.

Mama mmoja mzee wa huku mlimani alinijia na simu yake, kwa kuwa macho yake yamepungua nuru. Mwanawe alikuwa amemwandikia kutoka Tanga. Watu walikuwapo barazani, nami nikasoma kwa sauti kuu kama asomaye gazeti: kijana amefukuzwa kazi, tena anadaiwa, naye anamsihi mama asimwambie mtu. Neno hilo la mwisho nililifikia nikiwa nimekwisha kuyatoa yote. Kabla ya jua kuchwa habari ilikuwa imefika sokoni. Yule mama hakunilaumu. Alichukua simu yake, akaenda zake.

Tangu hapo nimefikiri sana. Barua na mbiu zatofautianaje? Si kwa chombo, maana simu ile ile huleta habari za dunia nzima na siri ya mtoto kwa mamaye. Wala si kwa ukweli, maana niliyoyasoma yalikuwa kweli. Tofauti ni hii: neno limepelekwa kwa nani, na lamhusu nani. Wazee wetu Wapare walipoita watu kwenye msaragambo walipiga mbiu, kwa kuwa mfereji ni wa wote. Mambo ya nyumba waliyasemea nyumbani.

Labda mtu ataniuliza, Je, kuficha si kulea uovu? Nakiri, yako mambo yasiyofaa kufichwa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuikataa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Jambo liligusa kila nyumba, kwa hiyo lilistahili kusemwa mbele ya wote. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo yashika pande zote mbili: ibara ya 16 hulinda mawasiliano ya mtu binafsi, na ibara ya 18 hutupa haki ya kupewa habari za mambo makubwa ya jamii.

Basi, ndugu, ukiletewa neno, jiulize kwanza: Mwenyewe amenituma nilitangaze? Likiwa la wote, lipigie mbiu. Likiwa la mmoja, mpe huyo mmoja, kwa sauti ndogo.

Mimi nilikwenda kumwomba radhi yule mama, naye akanisamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hata leo barua za mwanawe husomewa na mwingine.