Mjukuu Wangu, Angalia Mafuta ya Breki

Mjukuu wangu unayebeba abiria kwa pikipiki kati ya Sumbawanga na Ilemba, hebu kaa hapa kwanza. Najua simu inaita na abiria anasubiri. Asubiri.

Inama uangalie kile kikopo kidogo kwenye usukani, pale penye mkono wa breki ya mbele. Kina kidirisha. Mafuta yalipokuwa mapya yalikuwa na unjano hafifu, unaona hadi ng'ambo. Sasa ni ya kahawia, na chini yametuama mashapo meusi. Unaniambia breki bado inashika. Inashika hapa penye tambarare, mwanangu.

Weusi huo usifikiri ni vumbi la barabarani. Mafuta yenyewe yamechoka kwa joto, yamechanganyika na chembe za raba zinazolika ndani na chuma kinachoanza kupata kutu. Kutu inatoka wapi? Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, kama chumvi uliyoiacha wazi wakati wa mvua. Huunywa kidogo kidogo, hata pikipiki ikiwa imelala ndani.

Nayo maji hayana rangi. Kwa hiyo mafuta ya zamani yasikudanganye kwa kubaki na rangi safi.

Nisikilize. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishaingiwa na maji asilimia 3.7 tu, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Ukitoka Sumbawanga, juu Ufipa, hadi bondeni Ilemba, unashuka karibu mita 1,000. Umepakia abiria wawili na mzigo, umeweka frii ili uokoe petroli, injini haikusaidii tena. Diski inaungua. Maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hubinyika. Unavuta breki, mkono unakuja hadi usukanini, pikipiki inazidi kwenda. Mbele kona, chini korongo.

Breki haiagi ikiondoka, mwanangu. Tena ikipoa hurudi, nawe utadhani uliota, kesho yake utashuka vilevile. Nakuomba, usishuke vilevile.

Nakuomba tena: usijazie mapya juu ya machafu. Usimimine oili ya injini, itavimbisha raba na breki itakwama. Mwambie fundi ayatoe yote, aweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha atoe hewa yote ndani ya mpira. Fanya hivyo kila baada ya miaka 2, hata kama rangi haijakutisha. Chupa ifunguliwe mbele yako. Iliyokaa wazi gereji imeshakunywa unyevu wake.

Na frii uiache. Mteremko haukopeshi. Shuka na gia ndogo, taratibu, na abiria akilalamika kwamba unamchelewesha, mwambie babu yako amekukataza.