Mapigo ya Moyo Yaliyosikika Tunguu

Tarehe 20 Februari 1962, saa kumi na mbili jioni ikiwa imepita kidogo kwa saa za Afrika Mashariki, mwanaanga Mmarekani John Glenn alikatiza anga ya Afrika kutoka Kano hadi Zanzibar, peke yake ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7. Hakupita juu ya Sagana, mji wetu hapa Kenya. Njia yake ilikata kusini zaidi. Lakini jua lililomchwea yeye juu ya Bahari ya Hindi ndilo lililokuwa likizama nyuma ya milima ya Nyandarua, na watu wa Sagana wakifunga mifugo.

Huko Tunguu, Unguja, kulikuwa na kituo cha mawasiliano, kimoja kati ya vituo 18 vilivyotandazwa duniani kumfuatilia. Glenn alivuta kamba ya mpira ya mazoezi iliyowekwa mbele yake, moyo ukaenda mbio, kisha ukatulia, na daktari aliyeketi Unguja akayafuata mapigo hayo kwenye mashine yake. Dakika chache baadaye Glenn alikuwa ameshapita, na kazi ya kumsikiliza ikahamia kwa meli iliyokuwa ikingoja baharini.

Nimerudia jambo hili mara nyingi kwa sababu linavuruga picha tuliyozoea ya mtangulizi. Tunamchora kama mtu aliyejitenga na wote akaenda asikofika mwingine. Glenn alizunguka dunia mara tatu kwa saa tano kasoro, na muda wote huo alikuwa akikabidhiwa kutoka kikundi kimoja cha wasikilizaji hadi kingine, kama mtoto anayepokezanwa mikononi mwa shangazi zake. Upweke wake ulikuwa wa kweli, lakini uliwezekana kwa sababu wengi walikuwa macho kwa ajili yake.

Hata hivyo, ukisimama Sagana huwezi kulikwepa swali hili: hayo yote yalikuwa na thamani gani kwa nani? Wiki ileile wajumbe wa Kenya walikuwa London, Lancaster House, wakijadili katiba ya nchi ambayo bado haikuwa yao. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa miaka miwili tu nyuma. Familia za Kirinyaga na Nyeri zilikuwa zimetoka kwenye vijiji vya kulazimishwa, na mifereji ya mpunga ya Mwea, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ilichimbwa kwa mikono ya waliokuwa kizuizini. Kumwambia mtu aliyechimba mfereji ule kwamba Mmarekani mmoja ameona machweo mara kadhaa kwa siku moja, na kumtaka afurahi, ni kumkosea heshima.

Jibu linalotolewa upesi ni la faida. Ni jibu la kweli, na silidharau. Tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat irushwe mwaka 1972, ukame, misitu na mashamba vimeweza kutazamwa kutoka juu mwaka baada ya mwaka, na kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kimezitumia picha za aina hiyo kwa nchi nyingi za Afrika. Barafu ya Mlima Kenya inayoyeyuka, ile inayochangia mito yetu, imepimwa pia kwa picha hizo. Mkulima wa mpunga anayepata utabiri wa mvua kwenye simu anakula matunda ya anga, ajue asijue.

Lakini tukikaa na faida pekee, tumemsahau Glenn. Hakuleta utabiri wa mvua. Hakurudi na mbegu. Kama thamani ni mavuno tu, basi tumkumbuke aliyebuni setilaiti, na huyu tumwache. Zaidi ya hapo, mavuno hayo hayakuahidiwa na mtu mwaka 1962. Kusema leo kwamba yanahalalisha safari ile ni kuhukumu kwa ushahidi ambao watu wa wakati ule hawakuwa nao. Lazima thamani iwe ilikuwapo jioni ile ile, kabla faida haijaonekana.

Mimi naiona kwenye karatasi ndogo. Mbele ya macho ya Glenn palibandikwa chati ya herufi, ile ya daktari wa macho, ikiwa imepunguzwa ukubwa. Wapo madaktari waliohofu kwamba mwili usipokuwa na uzito, jicho lingebadilika umbo na mtu asione vizuri, au chakula kikwame kooni. Warusi wawili, Gagarin na Titov, walikuwa wamemtangulia na kurudi salama, lakini bado mambo mengi yalihitaji kuthibitishwa. Basi kila baada ya muda aliisoma chati ile na kutoa taarifa. Alikula tufaha lililosagwa kutoka kwenye tyubu, akasema limeshuka bila shida. Mtu wa miaka 40, rubani wa vita, baba wa watoto wawili, aliugeuza mwili wake kuwa swali na kulijibu kwa sauti, ili watu ambao hatawajua kamwe wapate kujua.

Huo ndio utangulizi ninaoheshimu. Kufika kwanza ni jambo la mashindano, na mashindano yale yalikuwa ya mataifa makubwa mawili yaliyokuwa na silaha zao nyuma ya pazia. Kujitoa ili jibu lipatikane kwa wote ni jambo jingine kabisa. Kabla hajaanza kurudi, ishara moja ilionyesha kwamba ngao ya joto huenda imelegea. Alipita kwenye moto wa angahewa akiona vipande vinavyowaka vikiruka dirishani, asijue kama ni ngao yenyewe inayomeguka. Ishara ilikuwa ya uongo. Yeye hakulijua hilo mpaka alipofika chini.

Jibu la wote, basi, lingetakiwa kuulizwa na wote. Hapa ndipo historia yetu inauma. Kituo cha Tunguu kilikuja kwa makubaliano ya Marekani na Uingereza, Zanzibar ikiwa bado chini ya himaya, na kilipingwa vikali na Wazanzibari wengi waliohofu kwamba ni mtambo wa kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kiliondolewa, mwezi Aprili mwaka uleule. Wapo wanaokitaja kisa hiki kama mfano wa ujinga kuishinda sayansi. Sikubaliani nao. Watu wale waliletewa mashine kwenye ardhi yao bila kushirikishwa katika swali lililozileta, na anayewekwa pembeni ya swali ana haki ya kulishuku jibu.

Maji yanayopita chini ya daraja la Sagana yanakwenda kuwa Tana, na Tana humwagikia baharini Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Katika ghuba hiyohiyo, karibu na Ngomeni, limesimama jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Waitaliano walirusha kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za anga, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei na ikasaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi si hesabu za kwenye karatasi tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kenya ilitoa jina, tarehe, na mahali karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa na kuisukuma roketi bure. Maswali yalitoka kwingine.

Ndiyo maana sioni haya kuifurahia setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, wala Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023 kwa roketi iliyokodiwa California. Ni vyombo vidogo, na vilitengenezwa kwa msaada wa wageni. Lakini kulikuwa na vijana wa Kenya mezani, wakiamua kamera ielekezwe wapi na kwa nini. Anayelalamika kwamba pesa zile zingenunua dawa ana hoja, na ajibiwe kwa hesabu zilizo wazi, asizomewe.

Glenn alirudi angani Oktoba 1998, akiwa na miaka 77 na heshima zote alizohitaji. Safari hiyo alipimwa usingizi, misuli na damu, kwa sababu mwanaanga mwenye afya hupungukiwa na mifupa na misuli kwa namna inayofanana na uzee, na watafiti walitaka kuona yanampataje aliye mzee tayari. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016, akiwa na miaka 95.

Nilimsimulia kisa hiki bibi mmoja, cucu anayekaanga samaki Sagana, karibu na steji. Bendera na mashindano havikumgusa. Alipindua tilapia kwenye mafuta, akauliza kama mifupa ya yule mzee ilirudi sawa. Nikamweleza kwamba safari yake ilikuwa ya siku tisa tu, na kwamba wanaokaa huko miezi hupoteza karibu asilimia moja ya mifupa ya nyonga kila mwezi, na kuirudisha huchukua muda mrefu.

“Na mwanamke wa umri wangu, wameshampeleka?”

Nikamwambia yuko mmoja wa miaka 82 aliyerushwa mwaka 2021, lakini safari ile ilikuwa ya kama dakika kumi. Kukaa huko siku tisa katika umri kama wa Glenn, hapana, bado.

“Basi hawajui,” akasema, “na sisi ndio magoti yanatuuma.”