Dua Mbili kwa Mola Mmoja

Tarehe 4 Machi 1865, Abraham Lincoln aliposimama mjini Washington kula kiapo cha urais wa Marekani kwa mara ya pili, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa karibu kutimiza mwaka wa nne na ushindi wa upande wake wa Kaskazini ukiwa umekwisha kuonekana, wengi walitaraji kusikia majigambo ya mshindi. Badala yake wakasikia hotuba fupi yenye sura ya ibada, ambayo ndani yake rais alikiri kwamba Kaskazini na Kusini walisoma Biblia ile ile na kumwomba Mungu yule yule, kila mmoja akitaka nusura dhidi ya mwenziwe, na kwamba dua za wote wawili hazikuweza kutakabaliwa. Akaongeza neno lililowachoma wengi: huenda vita hivyo vilikuwa adhabu iliyowashukia wa pande zote mbili, hata kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa tone litolewalo kwa upanga.

Neno hilo kwangu ni suala la itikadi kuliko la tarihi. Ikiwa Mola ni mwadilifu, na wote tunakiri hivyo, je, yafaa kusema kwamba ndiye aliyewapeleka makaburini watu wasiopungua laki sita wa taifa moja, ili walipe deni la dhambi ya utumwa ambayo wengi wao hawakuitenda kwa mikono yao? Au tumemtwika Mwenyezi Mungu mzigo ambao wanadamu waliufunga wenyewe, kidogo kidogo, kwa muda wa vizazi, huku wakijua?

Walijua. Waungwana waliotunga katiba ya nchi ile mwaka 1787, ambao karibu nusu yao walikuwa na watumwa mashambani mwao, walipatana, ili umoja usivunjike, kwamba katika kugawa viti vya baraza watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ijapokuwa mtumwa mwenyewe hakuwa na kauli yoyote katika baraza hilo; na wako waliojituliza kwa kudhani kwamba utumwa ungekufa wenyewe polepole. Mwaka 1793 Eli Whitney akabuni mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, pamba ikawa mali kuu ya Kusini, na hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha kwamba watumwa walikuwa karibu milioni nne. Dhulma iliyoachwa ife yenyewe ilikuwa imenenepa.

Dini, ambayo ilipasa iwe hakimu, ikageuzwa kuwa wakili. Wachungaji wa Kusini walishika laana ya Nuhu juu ya Kanaani, ingawa hakuna mahali katika Taurati panaposema kwamba Kanaani alikuwa mtu mweusi. Walishika nyaraka za Paulo zinazowataka watumwa wawatii mabwana zao. Walimtaja Onesimo aliyerudishwa kwa Filemoni, na wakapita kimya juu ya sharti kwamba apokewe kama ndugu mpendwa. Wapinzani wao walishika habari za Musa na Farao. Mwaka 1844 Wamethodisti wakafarakana kwa ajili ya askofu mmoja wa Georgia, James Andrew, aliyekuwa na watumwa kwa urithi na kwa ndoa. Mwaka uliofuata Wabaptisti wa Kusini wakaunda umoja wao mbali na ndugu zao wa Kaskazini. John Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, katika hotuba yake ya mwaka 1850 ambayo ilibidi isomwe na mtu mwingine kwa kuwa yeye alikuwa mgonjwa wa kufa, alizitaja kamba za dini zilizokatika kuwa dalili ya taifa kupasuka. Katika hilo aliona sawasawa, walakini hakukubali kwamba kisu kilikuwa mkononi mwake.

Na wakati mabwana wakishindana juu ya maandiko, katika North Carolina palikuwa na mtumwa aliyesoma kuliko wengi wao. Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro katika Afrika ya Magharibi, alitekwa vitani akavushwa bahari hadi Charleston mwaka 1807. Na mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akaanza kwa Suratul Mulk, sura inayofunguliwa kwa kumtukuza Yule ambaye ufalme wote umo mkononi mwake. Msomaji wa Pwani aliyepita chuoni ataelewa bila ya kufasiriwa, na mimi siamini kwamba sura hiyo ilichaguliwa kwa bahati: mtu aliyenunuliwa kwa fedha aanza kisa chake kwa kumtaja Mmiliki. Alifariki katika utumwa, vita vikiwa bado havijaisha.

Vita hivyo vilipoanza mwezi wa Aprili 1861, kila upande ulidhani vingekuwa vya miezi michache. Tarehe 17 Septemba 1862, kando ya kijito cha Antietam katika jimbo la Maryland, watu wapata 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja, na mapigano makali yaliizunguka nyumba ndogo nyeupe ya ibada, isiyo na mnara, ya Wakristo waitwao Dunkers, ambao madhehebu yao yalikataza vita na kukataza kumiliki watumwa. Kuta zake zilitobolewa kwa mizinga. Mpenda ishara angeona ishara hapo. Mimi naona tu kwamba kombora halimuulizi mtu imani yake. Risasi za zama zile zilikuwa nzito na laini, zikigonga mfupa huuvunja vipande vipande, na tabibu, ambaye bado hakujua habari za vijidudu, hakuwa na tiba bora kuliko msumeno. Hata hivyo silaha hazikuua kama yalivyoua maradhi: kati ya kila watu watatu waliokufa, wapata wawili waliuawa na kuhara, homa ya matumbo, surua na mfano wa hayo. Katika gereza la Andersonville huko Georgia walipita mateka wapata 45,000 wa Kaskazini, na karibu 13,000 kati yao walizikwa papo hapo.

Nyumba nazo ziligawanyika. Seneta Crittenden wa Kentucky alikuwa na wana wawili majenerali, mmoja katika kila jeshi. Na mwanyumba wa Lincoln mwenyewe, Ben Hardin Helm, aliuawa Chickamauga mwaka 1863 akiwa jenerali wa Kusini. Tena watu wa kufa hawakuwa lazima watu wa kufaidi. Zaidi ya theluthi mbili za jamaa za wazungu katika majimbo ya Kusini yaliyojitenga hawakuwa na mtumwa hata mmoja, lakini sheria ya Kusini ya mwaka 1862 ilimwondolea wajibu wa jeshi mzungu mmoja katika kila shamba lenye watumwa ishirini. Na Kaskazini tajiri aliweza kulipa dola 300 asiende, hata mafukara wa New York wakafanya ghasia Julai 1863, wakawaua watu weusi mitaani na kuichoma nyumba ya mayatima wao, kana kwamba mayatima ndio waliotunga sheria.

Sasa nirudi kwenye suala. Mwaka 1856, zaidi ya miaka minne kabla ya vita, Robert Lee, ambaye baadaye alikuja kuwa jemadari mkuu wa Kusini, alimwandikia mkewe kwamba utumwa ni uovu, lakini muda wa kuisha kwake anaujua Mungu mwenye hekima na rehema, na kazi ya wanadamu ni kusubiri na kuomba. Barua hiyo ina adabu nyingi, na kwangu ni ya kutisha kuliko matusi ya mfanyabiashara wa mnadani, kwa kuwa mwenye kuiandika amekwisha kuijua haki, kisha akamrudishia Mola kazi ambayo Mola alimwamrisha yeye aifanye. Hiyo si tawakali. Mwenye kutawakali hufanya lililo katika uwezo wake, ndipo akamwachia Mungu lililobaki. Huyu alimwachia Mungu lote, akabaki na shamba.

Wala hakuwa peke yake. Viwanda vya nguo vya Massachusetts, mbali na soko lolote la watumwa, vilisokota pamba iliyochumwa kwa mjeledi, na merikebu za Salem ziliileta nguo hiyo Unguja, nasi tukaiita merikani, tukaivaa, tukainunulia pembe zilizobebwa na watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Kwa hiyo sisi wa Pwani hatuna kiti cha juu cha kuwahukumia Wamarekani. Wazee wetu waliisoma Suratul Balad, inayotaja kumwacha huru mtumwa kuwa sehemu ya njia ngumu ya mwema, huku mikarafuu ya Unguja na Pemba ikipaliliwa na watumwa. Na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la manowari za Kiingereza, si kwa fatwa zetu.

Lincoln alisema kweli kwamba deni lilikuwa la pande zote. Ninapoachana naye ni pale deni linapoonekana kuwa la Mungu akilidai kwa damu ya wana wa watu, kwa maana waliozoea kuyasoma mauti kama kudura hawataona haja ya kuwahesabia wakubwa zao miaka 74 waliyoiacha ipite tangu katiba hadi vita. Watu weusi wapata 180,000 waliovaa sare ya jeshi la Kaskazini, wakalipwa pungufu ya wenzao hadi mwaka 1864, hawakusubiri kudura iwashukie. Waliomba wakiwa na bunduki mabegani, na kama kuna dua katika vita vile iliyokuwa na haki ya kutakabaliwa, basi ni hiyo.

Utumwa ulifutwa katika katiba Desemba 1865. Makanisa yalichukua muda mrefu zaidi: Wamethodisti waliungana tena mwaka 1939, na Wabaptisti wa Kusini, ambao hadi leo hawajaungana na wa Kaskazini, waliomba radhi kwa utetezi wao wa utumwa mwaka 1995, miaka 150 baada ya kujitenga.