Nidhamu Ilikuwa ya Nani?

Mdogo wangu amefaulu mtihani wa darasa la sita na kupangiwa shule ya bweni. Jioni moja, tukiwa nyumbani Kimisagara, Mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe bweni lilikusaidia chuoni?" Sikuwa na jibu la haraka.

Miaka sita niliyokaa bwenini niliamka saa kumi na moja alfajiri bila kuchelewa hata mara moja. Nilijisomea kila usiku na sikutoka nje ya geti bila kibali. Walimu waliniita mwenye nidhamu, nami nikaamini. Kisha nikafika Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Huye, ambako hakuna kengele. Muhula wa kwanza nilikosa vipindi vya asubuhi hadi nikafeli somo moja. Fedha za kujikimu, ambazo hutolewa kupitia benki ya BRD, zilikwisha kabla ya wiki ya pili. Ndipo nikajiuliza: nidhamu ile ilikuwa yangu, au ya mlezi wa bweni aliyepita na tochi?

Wapo watakaosema mazoea ndiyo mwanzo wa tabia njema. Aristotle mwenyewe alifundisha kwamba tunakuwa wema kwa kutenda mema. Lakini alitaka pia mtendaji awe amekichagua kitendo chake, nami sikuwahi kuchagua kuamka. Jirani yetu aliyesoma shule ya kutwa hapa hapa, akichota maji na kuwapikia wadogo zake kabla ya kufungua daftari, alichagua kila siku. Chuoni hakuyumba kama mimi.

Hata hivyo nisiwe mtovu wa shukrani. Kwetu tuko sita katika vyumba viwili, na redio ya jirani hailali. Bwenini nilipata taa na meza. Tena nilijifunza kuishi na watu nisiowachagua, kugawana nao sabuni na kununiana bila kupigana. Katika chumba tunachopanga wanne huko Huye, hilo linanifaa kuliko kengele zote.

Nikamwambia Mama amwache aende. Ila wakati wa likizo asimwamshe, na pesa ya matumizi ampe yote kwa mkupuo, hata akiimaliza kwa siku mbili.

Mama akacheka. "Na akilala mpaka saa nne?"

"Alale, Mama."

Hajakubali bado. Leo alfajiri nimemsikia akimgongea mlango.