Hakimu aliyegeuka mwalimu wa desturi zetu

Je, mtu aliyehukumu kwa jina la mkoloni anaweza kufundisha desturi za wale aliowahukumu?

Antoine Sohier, Mbelgiji, alikuwa mkuu wa parke huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1933 alianzisha jarida la kukusanya hukumu za tribinali za wenyeji, zile za dekreti ya 1926. Aliporudi Ubelgiji alifundisha sheria ya desturi za Kongo, akaiandikia na kitabu.

Tumshukuru? Ndiyo. Wakati wengi walituita washenzi, yeye aliihesabu desturi yetu kuwa sheria. Lakini desturi ya mdomo ilitembea pamoja na watu. Kwenye karatasi ikakaa. Tena waliohukumu katika tribinali zile walikuwa mashefu na wazee. Wamama hawakuulizwa sana.

Basi hapa Mugunga kaka akimwambia dada yake: « Weye ni mwanamuke, desturi inakatala upate parisele ya baba », tuulize: desturi ya nani? Sheria ya familia ya 1987 inamhesabu binti kuwa mrithi sawa na kaka yake.

Siye tunaofundisha leo, kabla ya kusema « desturi ni hivi », tutafute kwanza nani hakuulizwa.