Je, Kutoanguka ni Ujuzi?



Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo ukilitazama juu juu utadhani ni la vijana peke yao, lakini ukilipekua utaona lamgusa kila mtu. Nalo ni hili: mtu aliyezoea kupanda pikipiki nyepesi ya mchanga na matope, kisha akajaaliwa kununua pikipiki kubwa, nzito, ya barabara ya lami, je, ana haki ya kujiita dereva hodari kwa sababu miaka yote hajaanguka?

Kwetu huku Mtwara swali hili si la mbali. Njia za kwendea Msimbati na za kuteremkia kwenye mlango wa Mto Ruvuma ni za mchanga mzito. Njia za mashamba ya mikorosho ni za udongo unaogeuka utelezi mvua zinapoanza. Pikipiki iliyofaa njia hizo ni nyepesi, kama zile Honda XL 125 walizokuwa wakipanda mabwana shamba: imeinuka kutoka chini, gurudumu lake la mbele ni kubwa, tairi zina meno, na uzito wake ni kama kilo 110 tu. Kisha msimu wa korosho hufika, minada ikafanyika, na kijana akapata fedha. Sasa macho yake yako kwenye barabara ya lami iendayo Mikindani, Lindi na Dar es Salaam, na moyo wake wataka chombo cha barabara hiyo.

Hapana lawama katika kutaka. Dini yetu imekihesabu kipando kizuri kuwa ni katika mambo yanayomfurahisha mtu hapa duniani. Swali letu si juu ya chuma. Swali letu ni juu ya yule anayekikalia.

Tazama, ewe msomaji, jinsi hodari wa mchanga anavyokuwa mgeni kwenye lami. Katika mchanga amejifundisha asiiguse ovyo breki ya mbele, kwani gurudumu la mbele likikwama huchimba, na yeye akaruka juu ya mpini. Basi hutegemea breki ya nyuma. Lakini kwenye lami, chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huelemea mbele, na sehemu kubwa ya nguvu za kukisimamisha hutoka kwenye breki ya mbele. Kwa hivyo siku mtoto atakapokatiza njia ghafla, mtu huyu hukanyaga ya nyuma tu kama alivyozoea. Gurudumu hukwama na kuburuzika, na pikipiki huendelea kwenda. Ile tabia iliyomwokoa huko, hapa ndiyo inayomwangamiza.

Tazama tena mguu wake. Kwenye kona ya mchanga, pikipiki ikianza kulala hutoa mguu, akaitegemeza, akaiinua. Ya kilo 110 hukubali. Ya kilo 250 au 300 ikishaanza kulala haizuiliki kwa mguu wa binadamu. Huuvunja mguu huo, ikalala juu yake.

Na lililo baya kuliko yote ni starehe. Pikipiki nyepesi ikikaribia mwisho wa nguvu zake hupiga kelele na kutetemeka, ikamwonya mwenyewe. Hii kubwa hunguruma kwa utulivu, kiti chake kiko chini, mikono imenyooka, na mtu hufika kilomita 100 kwa saa huku akijiona yuko barazani kwake. Naye hajui, au amesahau, kwamba mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne. Aliyehitaji hatua 10 atahitaji 40, na huyo mtoto hayuko mbali hivyo.

Basi turudi kwenye swali letu. Mtu huyu hakuanguka miaka yote. Ni kweli. Lakini je, hakukosea? Alikosea mara nyingi, na kila mara ile pikipiki nyepesi ilimsamehe. Aliingia kona kwa pupa, mchanga ukampokea. Aliteleza, akainuka, akajipangusa kanzu. Naye akauita msamaha huo ujuzi wake. Hapo ndipo ilipo khatari, ndugu yangu: kusamehewa ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine.

Wazee wa pwani walilifahamu hili zamani kabla ya injini. Mvuvi wa mtumbwi akipanda fungu la mchanga kwenye mlango wa mto huruka majini, akausukuma kwa mabega, akaendelea na safari yake. Mtu huyo hakabidhiwi jahazi lenye shehena na abiria kwa sababu tu hajapata kuzama. Kwanza huwa baharia chini ya nahodha, ajifunze upya mikondo ile ile aliyodhani anaijua, kwani jahazi likipanda fungu hakuna bega la kulisukuma.

Na sheria ya nchi nayo imeliona. Leseni za Tanzania zimetenga daraja A1 kwa pikipiki ndogo, na daraja A kwa zile zinazozidi sisi 125. Herufi hizo si mapambo ya karatasi. Maana yake ni kwamba aliyefuzu kidogo bado hajafuzu kikubwa.

Wako watakaosema: "Ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Naam, kila jambo ni kwa kudra yake. Lakini kisa cha Bedui na ngamia wake twakijua sote: alifundishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na sharia yetu haikumwacha aliyeua kwa makosa ajiendee zake kwa kusema sikukusudia. Imemwekea dia kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe wenyewe, na imemwekea kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ikiwa asiyekusudia amebebeshwa haya, basi kudra haiwezi kuwa jina jingine la uzembe.

Afanye nini, basi, kijana wetu? Aache? La. Awe mwanafunzi tena. Atafute uwanja mtupu asubuhi, ajifunze kugeuza chombo kile polepole, na kukisimamisha kwa breki zote mbili, akiibana ile ya mbele taratibu bila ya kuikamata kwa ghafla. Avae kofia ngumu hata kwa safari ya kwenda sokoni. Asimpakie mke wala mtoto mpaka mikono yake isahau mchanga, kwani aliye nyuma yake ni amana, na hakupewa usukani wa kujiokoa. Na akipita penye watoto watokao chuoni au kina mama wenye samaki kichwani, akumbuke kwamba wao hawakununua uzito ule, lakini ndio watakaouonja.

Na wewe msomaji usiye na pikipiki, usidhani umenusurika na makala haya. Wangapi tuliwaona wapole walipokuwa hawana kitu, wakapata cheo wakawa wakali? Wangapi walikuwa waaminifu kwa shilingi mia, wakakabidhiwa fedha za msikiti zikawashinda? Tulisema wamebadilika. Pengine hawakubadilika hata kidogo. Makosa yao yalikuwapo tangu zamani, ila maisha mepesi yaliyasamehe.

Kwa hivyo kila mmoja wetu, kabla ya kuomba kikubwa, na ajiulize: wema wangu ni wema, au ni udogo wa nilichonacho? Na akishapewa, asione haya kuanza kujifunza upya, hata mbele ya waliomdogo kwa umri. Mwenyezi Mungu atupe vilivyo vizito pamoja na mikono ya kuvichukua, na atukinge tusiwe sababu ya kilio katika nyumba ya mwenzetu. Amin.